Pampu ya Mbarara, tangi la Nakivale: Nani anabaki na mzigo?

SWALI la kwanza kwenye kaunta ya duka la pampu, iwe Mbarara, Kampala au Nairobi, huwa ni la nguvu: ina farasi ngapi? Likishajibiwa, mazungumzo huhamia kwenye bei. Ni nadra kusikia mnunuzi akiuliza maji yanakwenda wapi, yanapanda mita ngapi na nani atalipa umeme au dizeli ya mwaka mzima.

Kwa mfanyabiashara anayeagiza mzigo huo kupitia Mombasa au Dar es Salaam, na kwa msafirishaji anayeusogeza hadi kusini magharibi mwa Uganda, swali hilo lililorukwa ndilo linaloamua faida. Soko la pampu na hita za maji katika ukanda huu linahama kutoka kwenye bei ya kununua kwenda kwenye gharama ya kuendesha. Soko likihama hivyo, mizigo nayo inabadilika: kuna magari yatakayokosa kazi na kuna yatakayoipata.

Mfano mzuri wa mabadiliko hayo unapatikana katika umbali wa kilomita zisizozidi 60 hivi, kati ya mji wa Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro. Upande mmoja kuna mwenye nyumba ya wageni anayetaka kubadilisha pampu na kuongeza hita kwenye bwawa dogo la kuogelea, lile linalosimamishwa juu ya ardhi bila kuchimba. Upande wa pili kuna tangi la maji ya kunywa ambalo kwa umbo ni ndugu wa bwawa hilo: mabati ya mviringo yaliyofungwa kwa boliti, ndani bitana ya mpira au plastiki, juu ya ardhi tambarare. Watu wa misaada huyaita matangi ya Oxfam, na hujulikana kwa ukubwa wake, T11, T45, T70 na T95, namba zikimaanisha takriban mita za ujazo zinazoingia.

Vyombo vinafanana, lakini hesabu ya pampu zake haifanani hata kidogo. Anayeuza pampu ya aina moja kwa wateja wote wawili atampoteza mmoja wao.

Soko lenyewe

Mbarara, iliyopandishwa hadhi na kuwa jiji Julai 1, 2020, iko takriban kilomita 270 kutoka Kampala, kwenye barabara inayoelekea Rwanda, Kongo na, kupitia Isingiro, mpaka wa Tanzania pale Kikagati na Murongo. Mzigo uliotoka Mombasa kupitia Malaba au Busia unakuwa umetembea zaidi ya kilomita 1,400 ukifika hapo. Ndiyo maana Mbarara si soko la mwisho tu, bali ni ghala la njiani.

Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 na ni miongoni mwa makazi ya zamani zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Imegawanyika katika kanda tatu, Base Camp, Juru na Rubondo, na idadi ya wakimbizi wake katika miaka ya karibuni imepita laki moja na nusu, wengi wakitoka Kongo, Burundi, Somalia na Rwanda. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 na kanuni zake za mwaka 2010 ziliwapa haki ya kufanya kazi na kutembea, na hivyo Nakivale ina maduka, karakana, mashine za kusaga na wafanyabiashara wanaoagiza bidhaa kama wenzao wa Mbarara.

Maji ya sehemu hizo mbili nayo ni jamaa. Mto Rwizi unapita Mbarara kabla ya kuingia kwenye mfumo wa maziwa na ardhi oevu wa Mburo na Nakivale, ulioorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2006. Ziwa Nakivale ni chanzo kikuu cha maji ya makazi. Shinikizo kwa Rwizi, kuanzia kilimo kwenye kingo hadi uchafu wa mjini, ni jambo linalojulikana, na mpango wa Shirika la Taifa la Maji na Majitaka la Uganda (NWSC) wa kuchota maji Mto Kagera kwa ajili ya Isingiro na Mbarara, kwa fedha za shirika la maendeleo la Ufaransa, AFD, ni ushahidi kwamba mto huo pekee hautoshi.

Bwawa: maji yanazunguka, hayapandi

Chukua bwawa la juu ya ardhi lenye kipenyo cha mita 5 na maji ya kina cha mita 1. Ujazo wake ni karibu mita za ujazo 20, yaani lita 20,000. Mabwawa ya aina hii huuzwa kwenye boksi pamoja na pampu ndogo yenye chujio la katriji. Baada ya miezi michache ya wageni wengi na vumbi la kiangazi, maji huanza kuwa na ukungu, na mwenye bwawa huamua kununua pampu kubwa.

Hapo ndipo kosa la kwanza hutokea. Kanuni ya kawaida ni maji yote yapite kwenye chujio mara moja katika saa 6 hadi 8. Kwa lita 20,000 katika saa 8, kinachohitajika ni lita 2,500 tu kwa saa. Pampu ya farasi moja inaweza kusukuma lita 15,000 kwa saa, mara sita ya hitaji. Chujio likiwa dogo, maji hupita kwenye mchanga kwa kasi kiasi kwamba uchafu haunaswi. Mwenye bwawa atakuwa amelipa zaidi ili maji yake yabaki na ukungu uleule.

Kosa la pili ni bomba. Mabwawa haya huja na bomba jembamba, la milimita 32 au 38. Upinzani wa maji ndani ya bomba hukua takriban kwa mraba: ukiongeza mtiririko mara mbili, upinzani unaongezeka mara nne. Bomba la milimita 38 linapitisha kwa utulivu kama lita 6,000 kwa saa. Kulazimisha lita 15,000 humo ni kununua umeme wa kupigana na plastiki. Kwa hiyo, mara nyingi bidhaa ambayo mteja anahitaji kwanza ni chujio la mchanga lenye ukubwa unaofaa na bomba pana zaidi, na pampu inafuata baadaye.

Hesabu ya umeme inaeleza zaidi. Pampu ya farasi moja huvuta kama kilowati 1. Ikifanya kazi saa 8 ni uniti 8 kwa siku. Pampu ya wati 250 kwa saa hizohizo ni uniti 2. Kwa bei ya mfano ya shilingi 600 za Uganda kwa uniti, tofauti ni shilingi 3,600 kwa siku, au zaidi ya milioni 1.3 kwa mwaka, ambazo hazionekani kwenye risiti ya dukani.

Kuna pia pampu za kasi inayobadilika. Faida yake inatokana na sheria ya maumbile: mota ikizunguka nusu ya kasi, maji yanapungua kwa nusu lakini nguvu inayohitajika inashuka hadi karibu sehemu ya nane. Hata pampu ikiendeshwa muda mara mbili ili kufikisha ujazo uleule, umeme unaotumika ni kama robo. Kwa vitendo ni pungufu kidogo ya hapo, kwa sababu mota nazo hupoteza ufanisi zikienda polepole, lakini akiba ni ya kweli. Inawezekana kwa sababu maji ya bwawa yanarudi palepale yalipotoka. Hayapandi mlima, na pampu inashindana na msuguano tu.

Hita: hapo ndipo pesa inapotoroka

Mbarara iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto linaweza kushuka hadi nyuzi 15 hivi. Mgeni kutoka pwani hawezi kuingia kwenye maji ya namna hiyo asubuhi, ndiyo maana hita imekuwa kivutio cha biashara. Lakini kati ya pampu na hita, mlaji mkubwa wa umeme ni hita.

Kupasha mita moja ya ujazo ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji uniti 1.16 za nishati. Hiyo ni fizikia, haitegemei chapa. Kwa bwawa la lita 20,000, kupandisha joto nyuzi 5 ni uniti 116. Kwa bei ileile ya mfano ni karibu shilingi 70,000 kwa mara moja. Hita ya kawaida ya kilowati 3 itahitaji karibu saa 8 kwa kila nyuzi, ikiwa hakuna joto linalopotea. Usiku ukifika, bwawa lisilofunikwa linarudisha joto hilo hewani.

Ulinganisho mmoja unafaa kukumbukwa. Pampu yenye ufanisi wa asilimia 50 hutumia uniti 0.55 hivi kupandisha mita moja ya ujazo kwenye kimo cha mita 100. Kwa maneno mengine, uniti 116 za kupasha bwawa moja dogo nyuzi 5 zingeweza kupandisha zaidi ya mita za ujazo 210 kwenye mlima wa mita 100. Kwa kiwango cha lita 20 kwa mtu kwa siku, kinachotumiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR), hayo ni maji ya siku moja ya watu zaidi ya 10,000.

Mfanyabiashara si lazima asikitike kwa tarakimu hiyo, lakini anatakiwa aielewe, kwa sababu inamwonyesha nini kitauzika. Sehemu kubwa ya joto la bwawa la nje, kama asilimia 70 kwa mujibu wa Wizara ya Nishati ya Marekani, hupotea kwa mvuke. Kifuniko cha plastiki usiku kinaweza kupunguza gharama ya kupasha kwa nusu au zaidi. Ni bidhaa nyepesi, haina kipuri, na bado ni wauzaji wachache wanaoiweka mbele ya duka.

Baada ya kifuniko kuna njia mbili. Ya kwanza ni hita ya jua: mabomba au mikeka myeusi juu ya paa, maji yanapita na kurudi na joto. Gharama yake ya kuendesha ni ndogo, ila pampu lazima iweze kufikisha maji paani. Ya pili ni pampu ya joto, mashine inayofanya kazi kama friji iliyogeuzwa, ikichota joto la hewa na kulitia majini. Mchana wa Mbarara wenye hewa ya uvuguvugu, inaweza kutoa uniti 5 za joto kwa uniti 1 ya umeme. Uniti 116 zinageuka kuwa 23, na shilingi 70,000 zinakuwa 14,000.

Usalama haupaswi kuachwa kwa fundi wa mitaani. Umeme wa volti 240 karibu na watu waliolowa unahitaji waya wa ardhini na swichi inayokata umeme ukivuja kwa kiwango cha miliampea 30. Muuzaji anayefunga hita bila swichi hiyo anauza hatari pamoja na bidhaa.

Nakivale: maji yanapanda kilima

Hesabu ya kasi inayobadilika, inayomfaidisha mwenye bwawa Mbarara, ikibebwa kama ilivyo hadi Nakivale inageuka mtego. Huko maji yanatoka ziwani, yanasafishwa, kisha yanapanda vilima kufika kwenye matangi, na toka hapo yanashuka kwa mserereko hadi kwenye vituo vya bomba. Pampu haishindani na msuguano tu. Inabeba uzito wa maji.

Pampu inayofikisha maji mita 100 kwa kasi kamili, ikishushwa hadi nusu ya kasi, inafikisha mita 25 tu. Tangi la juu halipati hata tone. Ndicho kinachotokea pia kwenye pampu ya sola asubuhi au wingu likitanda: mota inazunguka lakini maji yanasimama katikati ya bomba. Kwa sababu hiyo, mfumo wa sola wa kilimani unahitaji paneli za ziada ili kufikia nguvu ya kutosha mapema, na tangi kubwa la kupokea maji ya saa chache za jua kali. Hapo betri haina nafasi kubwa. Tangi ndilo betri.

Ukubwa wa kazi yenyewe unaonekana kwa hesabu rahisi. Kila watu 100,000, kwa lita 20 kila mmoja, wanahitaji lita milioni 2 kwa siku. Zikiletwa kwa malori ya lita 10,000, ni safari 200 kila siku. Katika vipindi ambavyo wakimbizi waliingia kwa wingi kuliko uwezo wa mabomba, maji ya malori yalitumika kuziba pengo, na kwa wenye magari ilikuwa kazi ya uhakika. Ikiwa safari moja inatozwa shilingi 200,000 za mfano, kila dumu la lita 20 linakuwa limegharimu shilingi 400 kwa usafiri pekee.

Hatua ya pili ni pampu ya dizeli. Kupandisha lita milioni 2 mita 100 kwa ufanisi wa asilimia 50 ni takriban uniti 1,090. Jenereta ikitoa uniti 3 kwa lita, zinahitajika lita 360 hivi kwa siku. Kwa bei ya mfano ya shilingi 5,000 kwa lita, dumu moja linabeba shilingi 18 za mafuta. Nafuu ni kubwa mno ukilinganisha na lori, lakini kwa mwaka ni zaidi ya lita 130,000 za dizeli, karibu tanka nne za lita 36,000 kila moja, na mafuta hayo yote yanaingia Uganda kutoka nje.

Hatua ya tatu ni sola. Kwa jua la saa 5 zenye nguvu kamili kwa siku na upotevu wa kawaida, kazi hiyo inahitaji paneli za takriban kilowati 300. Kwa paneli za wati 550 kila moja ni kama vipande 545, na kontena moja la futi 40 linaweza kuzibeba zote.

Kwa msafirishaji, hilo ndilo jambo la kutafakari. Safari 200 za lori kwa siku ziligeuka tanka nne za dizeli kwa mwaka, na tanka hizo zinageuka kontena moja linalokuja mara moja, likafanya kazi miaka 20 au zaidi. Kila ubora unapopanda, tani zinapungua. Aliyejenga biashara yake juu ya udhaifu wa pampu hana budi kujua kwamba udhaifu huo una mwisho.

Anayechagua na anayelipa

Kama hesabu ni wazi namna hiyo, kwa nini pampu za dizeli na pampu zilizozidi kipimo bado zinanunuliwa? Jibu la kiuchumi ni kwamba anayechagua mashine mara nyingi siye anayelipa gharama ya kuiendesha. Mradi wa msaada wa miezi 12 hupimwa kwa pampu iliyofungwa kabla ya mwisho wa bajeti. Dizeli ya mwaka wa tatu ni tatizo la mradi mwingine. Vivyo hivyo mwenye nyumba ya kupanga hununua hita ya bei poa, na mpangaji analipa bili.

Pengo hilo linazibwa kwa nguvu. Uganda inahifadhi zaidi ya wakimbizi milioni 1.7, na fedha za kuwahudumia zimekuwa zikipungua. Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje kuanzia Januari 2025, na mwaka huohuo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipunguza kwa kiwango kikubwa idadi ya wakimbizi wanaopata msaada nchini humo. Bajeti ya dizeli haiwezi kubaki salama pale bajeti ya chakula inapokatwa.

Wakati huohuo, mpango wa serikali ya Uganda wa sekta ya maji na mazingira kwa maeneo ya wakimbizi, wa miaka ya fedha 2019/20 hadi 2021/22, uliweka mwelekeo wa mitandao ya maji ya makazi kukabidhiwa kwa mashirika ya umma ya maji badala ya kuendeshwa na mashirika ya misaada. Shirika la maji huuza maji. Likirithi pampu mbovu, gharama yake inaingia kwenye bei ya dumu, na anayeilipa ni mama aliyepanga foleni kwenye kituo cha bomba, awe mkimbizi au mwenyeji wa Isingiro.

Kwa muuzaji wa pampu, maana yake ni kwamba mnunuzi mpya atasoma jedwali la ufanisi kabla ya bei. Zabuni zitauliza gharama ya miaka 10, upatikanaji wa vipuri na fundi aliye karibu. Maji ya ziwa yenye tope hula impela na sili haraka. Duka la Mbarara lenye vipuri hivyo rafuni lina nguvu kuliko duka la Kampala lenye pampu nzuri zaidi.

Mpakani: namba ndogo zenye gharama kubwa

Kabla ya kuagiza, vibao vya chuma kwenye mota vinapaswa kusomwa kwa makini. Umeme wa Uganda, kama wa Kenya na Tanzania, ni wa mizunguko 50 kwa sekunde na volti karibu 240. Bidhaa zilizotengenezwa kwa soko la Falme za Kiarabu au Oman zinalingana na umeme huo. Za Marekani ni volti 120 na mizunguko 60. Zikichomekwa moja kwa moja zinaungua. Za Saudi Arabia ni hatari zaidi kwa sababu zinaonekana kufaa: volti 220 hadi 230, lakini mizunguko 60. Mota ya namna hiyo ikiwekwa kwenye umeme wa Mbarara itazunguka kwa asilimia 83 ya kasi, kimo cha kupandisha maji kitashuka hadi asilimia 69, na mota itapata joto kupita kiasi. Itafanya kazi wiki kadhaa, kisha mteja atarudi nayo dukani.

Bidhaa za mitumba nazo zinahitaji tahadhari. Kuanzia Julai 19, 2021, Marekani ilianza kutekeleza viwango vya matumizi ya umeme kwa pampu za mabwawa, vilivyoziondoa kwenye uzalishaji wa soko lake pampu nyingi kubwa za kasi moja. Mashine inayozuiwa soko moja hutafuta soko lingine. Bei ya chini sana kwenye pampu ya kasi moja inatakiwa imfanye mwagizaji aulize kwa nini imeshuka.

Kwenye forodha, "pampu na hita" si bidhaa moja. Pampu za maji ziko kichwa cha 8413 cha orodha ya ushuru. Hita ya umeme iko 8516, hita ya jua 8419, pampu ya joto 8418 pamoja na mafriji, na paneli za sola 8541. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una bendi nne tangu Julai 2022, asilimia 0, 10, 25 na 35, na vichwa hivyo si lazima viangukie bendi moja. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, katika Jedwali lake la Tano, inatoa msamaha kwa vifaa maalumu vya nishati ya jua na upepo, lakini msamaha huo unatolewa kwa kifaa kinachostahili, si kwa neno "sola" lililoandikwa kwenye ankara. Juu ya ushuru kuna VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 6, isipokuwa pale msamaha unapotumika.

Kwa hiyo orodha ya mzigo inapaswa kutenganisha kila kitu: pampu, kidhibiti, paneli, hita, bomba. Mzigo ulioandikwa kwa ujumla "vifaa vya bwawa" unaweza kutozwa kwa kiwango cha juu, au kukaa kizuizini huku gharama za kuhifadhi zikipanda. Mabadiliko ya viwango hutangazwa kila mwaka kuelekea Julai 1, na anayeagiza mwezi Mei anapaswa kujua mzigo utafika lini. Sheria pia inaruhusu kuomba uamuzi wa awali wa forodha kuhusu kichwa cha bidhaa. Barua hiyo ni nafuu kuliko wiki moja ya kontena bandarini.

Upo pia mzigo unaovuka tena. Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya Julai 2022, na Somalia Machi 2024, nchi mbili ambazo raia wake ni sehemu kubwa ya wafanyabiashara wa Nakivale. Lakini cheti rahisi cha uasilia kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 kinahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Pampu ya Italia au China haibadiliki kuwa ya Uganda kwa kulala usiku mmoja Mbarara.

Kwa mwenye lori

Paneli ni kioo. Husafirishwa zikiwa zimesimama kwenye godoro la mbao, hazilazwi moja juu ya nyingine, na barabara ya vumbi ya kuingia makazini ni mtihani kuliko kilomita 1,400 za lami. Nyufa zisizoonekana kwa macho hupunguza umeme miezi baadaye, na hapo mabishano ya nani alaumiwe huanza. Picha za mzigo wakati wa kupakia na kushusha, pamoja na bima inayotaja kuvunjika, ni kinga ya pande zote mbili.

Safari ya kurudi nayo ina thamani. Isingiro ni miongoni mwa wilaya zinazoongoza kwa matoke, na Mbarara ni kitovu cha maziwa. Msafirishaji anayepeleka kontena moja la sola badala ya maji kila siku hawezi kuishi kwa kwenda tu. Mkataba wake lazima uanze na mzigo wa kurudia.

Aidha, tani zinazopungua kwenye dizeli zinarudi kwa sura nyingine: mabomba, matangi, impela, mchanga wa chujio, mafundi wenye vifaa. Ni mizigo midogo, ya mara kwa mara, inayohitaji gari dogo linalofika haraka. Pampu ikisimama Juru au Rubondo, kila siku ya kusubiri kipuri ni siku ya watu kurudi kuchota ziwani.

Wahenga walisema rahisi ghali. Mwenye nyumba ya wageni Mbarara atalijua hilo kwenye bili ya umeme ya mwezi wa kwanza, naye anaweza kubadilisha mashine na kuendelea. Nakivale bili hiyo huchelewa kuonekana, na ikifika humkuta mtu mwenye dumu mkononi ambaye hakuulizwa pampu ya kununua. Mfanyabiashara atakayeanza kuuliza maji yanapanda mita ngapi kabla ya kutaja farasi atauza pampu ndogo zaidi kwa baadhi ya wateja, na ndio watakaorudi kwake.